Kumpa Punda Mgongo

Wiki iliyopita vijana wa kamati ya mnada walikuja nyumbani, wakavua viatu, wakanywa chai yangu yote, kisha wakaniomba niandike "utaratibu wa kuthamini punda wa hatamu". Walitaka ukurasa mmoja tu, wa kubandika ukutani pale ofisini. Nikawaambia ukurasa mmoja hautoshi hata kwa masikio ya punda, seuze tabia yake. Wakacheka, wakidhani natania. Basi someni, ninyi mnaochukua kazi yangu, na anayetaka cha kubandika ukutani akabandike kalenda.

Asiyekuwa mwenyeji wa Ikwiriri lazima aelezwe kwanza. Kwetu punda ni wa namna mbili. Kuna punda wa mzigo, ambaye kazi yake ni ile ya methali: afe, mzigo ufike. Halafu kuna punda wa hatamu, anayekwenda kwa kidole. Ukigusa hatamu kidogo tu, anazunguka pipa na mkokoteni wake bila kuligusa. Ukimwambia nyuma, anarudi nyuma. Ukimwambia tulia, anasimama hapohapo, hata kama alikuwa anakimbia. Idd pili, watu wakishashiba pilau, tunakwenda uwanja wa mnada kuwashindanisha. Tunapanga mapipa, tunalaza kamba ya usumba chini, na kila mwenye mkokoteni anaonyesha punda wake. Vijana wa bodaboda hutucheka sana, mpaka siku pikipiki zikigoma kuwaka kwenye matope ndipo wanapotukumbuka.

Lakini si mchezo mtupu. Wenye maghala ya ufuta huja wakakaa kwenye viti vya plastiki, soda mkononi, wakijifanya wamekuja kupunga upepo. Kesho yake ndipo wanapochagua mikokoteni ya msimu. Mlango wa ghala umejaa wapagazi walioinama chini ya magunia, na punda asiyesimama anapoambiwa anaweza kuua mtu pale. Kwa hiyo mwenye punda wa hatamu ana kazi msimu mzima, na asiye naye husomba maji na kuni za watu wanaolipa kwa ahadi. Ndiyo maana punda hawa hutafutwa, husifiwa, na huuzwa kwa uongo mwingi kuliko ule wa kwenye posa.

Mie nilianza kazi kwa mdomo wangu. Nilikuwa nauza vitumbua pembeni ya mnada, nimeachika karibuni, na adabu ilikuwa imenipungua. Siku hiyo dalali mmoja alikuwa anamsifu punda wake, ati hajawahi kubeba kitu kizito tangu azaliwe. Kila punda ana mstari mweusi mgongoni, lakini wa huyu ulikuwa mpana kama mkeka wa kuswalia. Nikasema kwa sauti, karai mbele yangu, "Hiyo si rangi ya Mungu, hiyo ni piko. Nimewapaka maharusi wangapi mji huu, nisiijue?"

Dalali akaniita majina ambayo siyaandiki. Mthamini wa mnada wakati huo alikuwa Mzee Sefu. Aliinama akaunusa mgongo wa punda, akapekua manyoya kwa vidole. Chini kwenye mashina yalikuwa meupe, nywele za makovu ya mizigo ya miaka mingi. Punda wa watu alikuwa mzee wa makamo, kapambwa kama anakwenda kuolewa. Mzee Sefu akaja kwangu, akala kitumbua, akalipa, akasema, "Mnada ujao usije na karai." Nilidhani ananifukuza, nikamjibu vibaya. Kumbe alikuwa ananiajiri.

Mzee Sefu alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa kusalimiwa mara mbili. Msimu mzima wa kwanza hakuniruhusu kumgusa punda hata mmoja. Nilisimama jua kali nikitazama masikio. Mwishowe nikamuuliza ninachotafuta ni nini. "Sikio la nyuma," akasema. Ilinichukua muda kuelewa. Punda anayemsikiliza dereva wake huenda mbele huku sikio moja limegeukia nyuma, linangoja amri. Aliyesimamisha masikio yote mbele anasikiliza mambo yake mwenyewe, na utakuwa umenunua mnyama mwenye mawazo.

Mengine alinifundisha kwa kunikaripia. Pembe za mdomo zikiwa ngumu na zina kovu, punda huyo amevutwa sana na hasikii kidole tena. Ukiangalia meno, angalia na aliyeufungua mdomo, kwa sababu muuzaji anayeficha jino la pembeni kwa kidole gumba hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Na muuzaji mkaribishe chai, mwache punda asimame bila kushikwa. Punda wa hatamu hungoja. Wa uongo atakuwa ameshafika kwenye mihogo ya watu kabla chai haijapoa.

Lakini msingi wa kazi yetu ni mgongo, na hili ndilo mgeni haliamini. Punda anayeuzwa kwa jina la hatamu hufungwa mkokoteni wenye magunia ya pumba, hupelekwa mwisho wa uwanja, kisha huletwa mbio. Mthamini husimama kwenye kamba ya usumba, amempa punda mgongo. Dereva hasemi "tulia" mpaka akaribie. Punda akisimama, mthamini anataja thamani, na mnunuzi anaamini kwa sababu aliyeitaja bado ana mbavu. Mthamini akigeuka au akihama, jaribio limevunjika. Hapo muuzaji ana haki ya kuuza kwa neno lake, kwa kuwa punda hakushindwa, aliyeshindwa ni mtu. Sijui nani alianzisha desturi hii. Nadhani alikuwa na mke mkorofi na haja ya kufa.

Mara yangu ya kwanza niligeuka. Nilisikia kwato, nikamkumbuka mama yangu, nikageuka na kanga ikabaki chini. Watu walicheka mpaka wakakaa. Mzee Sefu akaniambia, "Jaribio limevunjika. Kuna mtu amemuuza punda mbaya leo kwa sababu yako." Sikulala vizuri. Mara ya pili nilifumba macho, nikauma ncha ya kanga, nikasikiliza. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba punda anayesimama huanza kufupisha hatua mapema, na sikio la mtu hulijua hilo kabla ya jicho. Nilihisi pumzi yake ya moto shingoni, na udenda ukanidondokea begani. Nikataja thamani kwa sauti ya mtoto wa madrasa. Nilijiona nimekuwa mtu, na nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu, ingawa hilo si kipimo kikubwa.

Mzee Sefu alipokufa, kazi ikaniangukia. Wengine walisema mwanamke hafai. Nikawaambia waje wasimame wao, na hoja ikafa palepale.

Kesi ngumu nimezipata nyingi. Kulikuwa na punda kutoka Mbwara aliyegeuka kushoto kwa uzuri ambao sijawahi kuuona, lakini ukimvuta kulia anaganda. Mwenyewe akaapa, "Wallahi Bi Zaituni, akivutwa kulia huwa anafikiri kwanza." Kumbe maisha yake yote alikuwa akizungushwa kukanyaga mpunga, upande mmoja tu, mwaka hadi mwaka. Nikamwambia mwenyewe ampeleke kwa mnunuzi ambaye nyumba yake, ghala lake na kisima chake vyote viko kushoto. Alimpata, mkitaka kujua. Mji huu hauna mali isiyo na mnunuzi.

Siku hizi kuna ugonjwa mpya. Watu wananitumia picha ya punda kwenye simu, halafu wanauliza, "Bibi, huyu vipi, yuko poa?" Huwa nawajibu kwamba kwenye picha amesimama vizuri sana, ila sijui kama kusimama huko ni tabia yake au ni ya simu. Mmoja akaniwekea alama ya kucheka, na akamnunua. Punda alimwingiza kwenye duka la mbolea.

Sasa nifike kwa Waziri. Waziri alikuwa punda wa Mwenyekiti Bakari, mwenyekiti wa kamati ya mnada, mtu wa kanzu iliyonyooka na anayejishukuru sana. Alisema kampa punda jina hilo kwa sababu hapigwi fimbo. Kweli, na kazi nayo alikuwa hafanyi nyingi. Idd iliyopita Waziri alishinda. Alizunguka mapipa, akaja mbio, akasimama kwenye kamba makalio yakikaribia kugusa mchanga, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mie nilikuwa kwenye benchi la waamuzi na sikupiga makofi, kwa sababu masikio yake yote mawili yalikuwa mbele. Nikafuata yanakoelekea. Mita chache nyuma ya kamba alikuwa amefungwa Chausiku, punda jike wa Mwenyekiti huyohuyo, aliyekua na Waziri zizi moja tangu wadogo. Punda ni wa kushikamana hivyo. Nilidhani huenda ni bahati tu, na ushindi ukapita.

Haukupita muda Mwenyekiti akatangaza kumuuza Waziri. Nikajiuliza, nani anauza bingwa kabla ya msimu? Kisha nikamwona mnunuzi, nikaacha kujiuliza.

Alikuwa Mwajuma, mjane kutoka Kiongoroni, kule delta ambako kila kitu huenda kwa maji na punda husikika kwenye hadithi tu. Mumewe alikuwa mkata mikoko na mvuvi. Alipofariki, Mwajuma aliuza mtumbwi na nyavu, akaja Ikwiriri kutafuta kazi ya mkokoteni. Watoto wake walikuwa wamebaki kwa dada yake, wakingoja aseme njooni. Alishika hatamu kama mtu anayefunga chombo gatini, na watu wakamcheka, nami nilicheka. Lakini kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga yake siku ile. Akimnunua Waziri, na Waziri akakataa kusimama mlangoni mwa ghala, asingekuwa na msimu, wala mtumbwi wa kurudia.

Nilifika uwanjani nikamkuta Mwenyekiti ameshamshika Mwajuma mkono wa kufunga biashara.

"Shikamoo Bi Zaituni," akasema. "Leo usijisumbue kusimama. Magoti yako sote tunayajua. Sema neno tu, latosha."

"Marahaba, Mwenyekiti. Neno gani?"

"Kwamba punda ni mzuri. Si ulimwona mwenyewe Idd?"

"Nilimwona akimtazama Chausiku."

Watu wakaguna. Chausiku alikuwepo, amefungwa palepale nyuma ya kamba, anatafuna majani bila habari.

"Mtoeni huyo," nikasema. "Mpelekeni nyuma ya maghala, asionekane wala asisikike. Kisha mie nitasimama."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Bi mkubwa, kwani punda ni bwana harusi, asitoke bila mkewe?" Mnada mzima ukacheka, na Mwenyekiti akacheka kuwapita wote. Mie huwa namchunguza mtu anayecheka kuliko aliyetoa mzaha.

"Haya, atolewe," akasema akijifuta macho. "Ila desturi tunaijua sote, Bi Zaituni. Ukigeuka, jaribio limevunjika, na mimi nauza kwa neno langu."

Hapo nikamwelewa. Hakuwa akimtegemea punda wake tena. Alikuwa anautegemea uzee wangu.

Mwajuma akanisogelea. Alinukia moshi na samaki, na alikuwa anaongea kwa kunong'ona, ana haya ya watu wote wale. "Mama, kama ni hatari, basi. Mimi nimeridhika."

"Umeridhika na nini, mwanangu? Na jina lake?"

Akalikaza fundo la kanga yake. Nikamwambia akae pembeni na asimpe mtu yeyote chochote mpaka nitakaposema.

Chausiku akaongozwa nyuma ya maghala. Waziri aligeuza kichwa akamfuata kwa macho mpaka mwisho, na aliyekuwa na macho aliona, lakini watu walikuwa wanaangalia simu zao, wanatafuta pembe nzuri ya kupiga video. Nikaenda kwenye kamba. Nikafunga kanga kiunoni, nikampa Waziri mgongo, nikatazama mbele ambako kulikuwa na gunia la pumba lililopasuka na kuku mmoja. Niliogopa. Nimefanya kazi hii maisha yangu na sijawahi kusimama pale bila kuogopa, na anayewaambia ninyi kwamba yeye haogopi, msimpe kazi.

Kwato zikaanza mbali, polepole, kisha mbio. Zikapita kwenye mizani ya magunia, katikati ya uwanja. Nikamsikia dereva, "Tulia! Tulia!" Akalia mara ya tatu kwa sauti ya mtu anayeomba. Kisha kuku akakimbia, na mie nikawa chini, uso kwenye pumba, na gurudumu likapita kwenye mguu.

Waziri hakusimama kwenye kamba wala baada ya kamba. Alikwenda moja kwa moja na mkokoteni wake mpaka nyuma ya maghala, na kule ndiko walikomkuta, ametulia kabisa, kidevu juu ya mgongo wa Chausiku. Ninaambiwa alisimama vizuri sana. Mwenyekiti alikuwa akisema, "Kateleza, punda kateleza," katika uwanja mkavu ambao haukuona mvua tangu masika. Alimnyooshea Mwajuma mkono tena, naye Mwajuma akauficha wake ndani ya kanga.

Hospitali walinifunga nyonga na mguu, wakaniambia nitatembea kwa fimbo. Ndiyo kustaafu kwangu kulivyokuwa. Hakukuwa na hotuba wala saa ya ukutani. Mwenyekiti alikuja na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akazungumza habari za mvua. Kisha akasogeza uso.

"Bi Zaituni, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Alikuwa ameshaanza kusimama, sivyo? Ukisema hivyo tu kwa watu, nitapata wa kumuuzia, na wewe sitakusahau."

"Mlete tena uwanjani, Mwenyekiti," nikamwambia. "Safari hii usimame wewe. Ukitoka mzima, nitasema chochote unachotaka."

Akasema nipumzike. Machungwa yalikuwa makavu, nikampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Waziri na Chausiku bado wako kwake mpaka leo, wanasomba samadi pamoja, na wao ndio pekee waliopata walichotaka.

Mwajuma alinunua punda mwingine baadaye, jike mwenye sikio lililochanika na sura ya kugombana. Mmoja wenu alisimama kumpa mgongo siku hiyo, anajijua. Nimesikia alitetemeka sana na hakugeuka, na sikio moja la punda lilikuwa nyuma muda wote. Ghala moja likamchukua kwa msimu. Watoto wakaletwa kutoka Kiongoroni, na sasa wananikalia barazani wanaulizana kama ni kweli bibi huyu aligongwa na waziri.

Siku waliyofika, Mwajuma aliniletea uji. Alikaa chini mkekani, akakoroga, akapuliza, hakunipa. Niliona ana jambo.

"Mama, watu wanasema wewe una masikio. Eti unamjua punda kwa hatua zake."

"Watu wanasema mengi."

"Siku ile ulisikia kama hasimami?"

"Nilisikia."

"Tangu wapi?"

"Tangu kwenye mizani."

Akatazama chini. Najua alikuwa anapima kichwani, kwa sababu siku hizi yeye hupita pale kila asubuhi na mkokoteni wake. Toka kwenye mizani mpaka kwenye kamba, hata kikongwe wa magoti mabovu anapata nafasi ya kuhama.

"Sasa mbona hukugeuka, mama?"

"Ningegeuka, ungemnunua."

Aliweka bakuli chini. Akaushika mguu wangu mbovu kwa mikono yake miwili, ile mikono ya kamba na chumvi, akaushikilia hivyo, na mie, ambaye sikulia uwanjani wala hospitali, nikalia mbele ya watoto wake.